Gauni Chini ya Koti

Hivi umewahi kumpenda mtu ambaye siku ya kwanza kumwona ulimshitaki? Kama hujawahi, shukuru, kisha sogea karibu usikie yaliyompata kijana mmoja wa chuo kikuu ambaye wenzake walimwita Rada.

Rada hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwenye kikundi cha wanafunzi waliojikusanya kusoma mambo ya ugaidi na usalama. Walikutana kila Jumatano alasiri katika chumba kilichokuwa juu ya mkahawa wa chuo, chumba chenye harufu ya vitunguu vya kukaanga na viti vya plastiki vilivyopasuka, ukikaa vibaya vinakufinya paja. Humo walisoma vitabu vizito. Walijadili kwa nini kijana wa watu huiacha nyumba ya mama yake akaenda kuua asiowajua, wakabishana mpaka wapishi wa chini wakagonga dari kwa mpini wa ufagio. Ilikuwa elimu nzuri, haina ubaya.

Ila walikuwa na zoezi moja waliloliita kusoma watu. Mwanakikundi huenda mahali penye msongamano, akajiegemeza mahali, akatafuta mwenye dalili. Nguo nzito wakati wa joto. Mwendo mgumu. Jasho jingi. Midomo inayonong'ona peke yake. Mkono usiobanduka kwenye mkoba. Ndipo Rada alipojipatia jina, maana macho yake hayakutulia. Ukweli ni kwamba tangu aanze zoezi hilo hakuwa amemnasa mtu yeyote, isipokuwa mzee mmoja aliyeficha kuku hai ndani ya jaketi lake ili asimlipie nauli.

Sasa siku hiyo alikuwa stesheni ya treni, amesimama nyuma ya nguzo. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, jua limetoka na hasira zake, na sakafu ilikuwa na matope ya viatu vya watu. Watu walijipepea kwa magazeti. Wauza maji walikuwa wakichekelea biashara. Na katikati ya watu wote hao waliovaa vijishati vyepesi, akatokea msichana aliyejifunika koti la mvua la kiume, zito, jeusi, limefungwa vifungo mpaka kidevuni na kushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Rada akanyooka kama aliyechomwa na sindano.

Msichana alitembea kwa hatua fupi fupi, kiuno kimekauka, kama bata aliyebeba maji mgongoni. Jasho lilimtiririka shingoni. Mkoba mdogo ameukumbatia. Na midomo yake ilikuwa ikicheza, ikicheza, haitoi sauti.

Dalili zote. Hakukosa hata moja.

Rada akatoa simu, akaanza kumpiga picha ya video huku akijipigia debe mwenyewe kwa kunong'ona. Kisha akamfuata mlinzi wa lango, akamwambia neno sikioni, akarudi nyuma ya nguzo yake. Video ile akamrushia Mwenyekiti wa kikundi papo hapo, hata jambo lenyewe halijaisha.

Filimbi ikalia. Walinzi wakamzunguka msichana, lakini kwa mbali, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kutangulia.

"Simama hapo hapo! Mkoba chini! Fungua koti!"

"Kaka zangu, nipelekeni chumbani. Nitafungua chumbani, kwa mlinzi mwanamke. Nawaombeni."

"Fungua koti!"

Watu wakapiga yowe, wakakimbia, mama mmoja akaacha kiatu. Msichana akaanza kufungua vifungo, kimoja, kingine, mpaka koti likaachia.

Ndani yake lilikuwa gauni la harusi.

Jeupe, la hariri, limedariziwa shanga ndogo ndogo kifuani kama mchele uliomwagwa kwa mpangilio. Mkia wake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kiunoni kwa pini, na pale pale pini zikaachia, mkia ukashuka wote kwenye matope.

Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko ni kama moto wa nyasi, kikaenea stesheni nzima. "Bwana harusi yuko wapi?" "Kateleza na treni!" Wakaimba. Wakapiga picha. Mlinzi aliyekuja kumwomba radhi akaukanyaga mkia, ukachanika kwa sauti ambayo Rada aliisikia mpaka nyuma ya nguzo.

Hapo ndipo miguu yake ikamtoa mafichoni. Alikwenda mpaka kwa msichana yule, akainama.

"Dada, pole. Nikusaidie?"

"Shika huo mkia," msichana akasema bila kumtazama, machozi yamemjaa lakini hayajaruhusiwa kuanguka. "Usiburuze. Na usinihurumie, nitalia."

Wakatoka hivyo, yeye mbele, Rada nyuma amebeba kitambaa kama mpambe, mpaka kwenye teksi. Dereva akawatazama kwenye kioo, akaangalia miguu ya Rada.

"Bwana harusi, ndio nini sasa? Unaoa na kandambili?"

Msichana akacheka. Alicheka huku machozi yakipata njia, na Rada, ambaye alikuwa akipanga maneno ya kukiri, akasahau yote. Maana kicheko kile kilikuwa na kishimo shavuni.

Njiani akaelezwa. Alikuwa mshonaji katika kiduka cha shangazi yake. Alikuwa akimpelekea bibi harusi gauni lake, lakini boksi la kulibebea lilikuwa limelowa na mvua likafumuka chini, na hariri ile ukiikunja haisamehe. Kwa kuwa yeye na bibi harusi walikuwa kimo kimoja, unene mmoja, shangazi akamwambia, "Vaa. Leo mwili wako ndio kabati." Koti lilikuwa la marehemu mume wa shangazi. Na kule kunong'ona?

"Nilikuwa nakariri jinsi ya kumfunga bibi harusi vifungo vya mgongoni. Vinaanzia katikati, siyo juu. Ukianzia juu vinapishana. Na wewe je? Ulikuwa unasafiri?"

"Nilikuwa napita tu," akasema Rada.

Neno dogo. Lakini uongo mdogo ni kama uzi uliochomoza kwenye pindo, ukiuacha unazidi, ukiuvuta unafumua nguo.

Bibi harusi alikuwa ameketi na shimizi, anangoja. Alipouona ule mkia alifunika uso kwa mito. Aliolewa amevaa gauni la dada yake, limembana makwapani, na mama yake akaapa kwamba ukoo wao hautakanyaga tena kwa shangazi. Haukukanyaga. Na picha zile za stesheni zikazunguka mji mzima, hata msichana akapata jina la pili: Bibi Harusi wa Stesheni. Wateja waliingia dukani kushona sketi, wakamtazama, wakabana midomo, wakatoka nje kucheka. Tangu hapo akawa hapiti stesheni. Akienda mjini huzunguka kwa nyuma, kwenye magodauni, njia ndefu yenye mbwa.

Rada aliyajua yote hayo kwa sababu alikuwa akija dukani. Kwanza alileta suruali iliyochanika. Kisha akaleta suruali isiyochanika.

"Hii ina nini?" shangazi akauliza, anaigeuza geuza, miwani kwenye ncha ya pua.

"Naona kama... imelegea, shangazi."

"Aliyelegea si suruali." Akaita kuelekea nyuma ya pazia. "We mtoto! Mgonjwa wako amekuja!"

Mapenzi yakashika. Simu zikawa za asubuhi na jioni.

"Haloo, fundi wangu."

"Fundi wako tangu lini? Nimekushonea nini?"

"Umenishona moyo."

"Moyo haushonwi, mpenzi, unatiwa kiraka tu. Umekula?"

"Nimekula, laazizi. Nakuwaza tu."

"Niwaze kwa nidhamu. Shangazi ameweka sikio hapa, hata cherehani amesimamisha."

Lakini kila alipocheka naye, Rada alijisikia kama mtu anayekula chakula cha msiba aliousababisha yeye. Siku moja walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya duka, wanakunywa chai, yeye fundi amevaa blauzi ya samawati yenye kola ya duara aliyoishona mwenyewe kwa mabaki. Akasema ghafla:

"Unajua kuna mtu alinisingizia siku ile?"

Chai ikampalia Rada.

"Mlinzi alikuja kuniomba radhi. Akasema, 'Dada, tuliambiwa.' Na nani, hakusema. Mimi sitaki kumpiga wala kumlaani, mahabubu. Natamani tu anikalie hapa mbele, nimwulize alikuwa anataka nini kwangu."

"Labda aliogopa," Rada akasema, akikohoa.

"Labda," akajibu, akampiga piga mgongoni. "Taratibu na hiyo chai, utakufa nikose wa kuolewa naye."

Ulimi ulikuwa wazi kabisa siku hiyo. Ungesema, maneno yangetoka. Rada akanywa chai iliyobaki.

Kikundi kikaandaa siku ya wageni. Walikuja walimu, wazazi, hata maofisa wawili wa polisi waliovaa suti. Rada alipangiwa kuzungumza juu ya vijana na ushawishi wa mitandaoni. Fundi akasema lazima aende. "Sijawahi kumwona mtu wangu akivaa tai." Akamshonea shati jeupe lenye mistari myembamba, mishono imekaa kama imechapwa. Yeye mwenyewe alivaa gauni la rangi ya zambarau, shingo ndefu, hereni ndogo za shaba, akakaa mstari wa kati, amekaa sawasawa kama mtu aliyealikwa na mfalme.

Rada alikuwa amekwisha kumwomba Mwenyekiti aifute video ile, na Mwenyekiti alisema sawa. Lakini sawa ya mwenye shughuli nyingi si sawa.

Mwenyekiti alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya redio. Akasimama, akasema ataonyesha mfano hai wa umakini wa raia. Ukuta mweupe ukawaka. Ikaonekana stesheni. Likaonekana koti jeusi.

"Uso tumeuziba kwa heshima," Mwenyekiti akasema. "Tazameni dalili. Koti, mwendo, midomo. Mwenzetu Rada, yuko hapa jukwaani, alizisoma zote na akatoa taarifa. Na hata kama haikuwa kitu, alifanya lililo sahihi."

Na spika za ukumbi zikatoa sauti ya Rada mwenyewe, nong'ono la siku ile: "Ni yeye. Ni yeye, jamani! Nimempata!"

Gauni lilipotokea ukumbi ukacheka. Wakacheka walimu, wakacheka wazazi, wakacheka maofisa. Kisha wakapiga makofi.

Uso ulizibwa, lakini nani asiyeijua kazi ya mikono yake? Fundi akainuka. Ilimbidi apite mbele ya magoti ya watu wote wa mstari ule, "Samahani. Samahani, mama. Samahani," wao wakikunja miguu na kuendelea kucheka. Alipofika kwenye ujia alimtazama Rada mara moja.

Na Rada hakushuka. Alikuwa kwenye jukwaa, mbele ya wageni, amevaa shati aliloshonewa na fundi, na alikaa. Akazungumza juu ya mitandao. Wakampigia makofi naye pia. Kila akikumbuka hapo hujiuma kidole.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga kesho yake, na keshokutwa. Mwishowe ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi, mpenzi."

"Mimi nina mpenzi aliyekuwa anapita tu. Wewe ni yupi?"

"Nisamehe. Nilikosea. Niliogopa, nisikilize, niliwaza wale watu wote, watoto, kina mama, nikaogopa..."

"Uliogopa."

"Wallahi niliogopa."

"Mtu akiogopa hasemi nimempata," fundi akasema, na simu ikakatika.

Jumatano Rada akapanda ngazi za mkahawa kabla wenzake hawajafika. Mwenyekiti alikuwa peke yake akipanga viti.

"Ifute," Rada akasema. "Mbele yangu."

"Ndugu yangu, sikujua ni mchumba wako. Nisamehe sana, kweli." Akampa simu. "Futa mwenyewe. Ila usijitese. Ulifanya kazi yako. Uliogopa, kila mtu angeogopa."

Rada alikuwa hajawahi kuitazama video ile peke yake tangu siku ile. Akaiweka sikioni badala ya machoni. Akasikia treni, akasikia wauza maji, akasikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona. Akairudia. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeokota pesa njiani. Hakukuwa na woga ndani yake, hata chembe. Na mtu aliyeamini kuna bomu angesimama hatua chache kutoka kwake, akapiga picha?

Akaifuta. Akaketi kwenye kiti kilichopasuka, kikamfinya, akakiacha kimfinye.

"Wewe unaumwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Kumbe ndiyo," akasema, akashuka ngazi.

Shangazi alimwona tokea barabarani. Alikuwa mlangoni, amening'iniza futi ya kupimia shingoni, anamla kwa macho mpaka alipofika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umeleta suruali gani?"

"Sikuleta kitu."

"Ndivyo ulivyofanya siku zote." Akamwangalia mikono mitupu, kola iliyokunjamana. "Sikiliza wewe. Mimi ndiye niliyemwambia avae. Kila nikilala naona lile koti la marehemu. Na mimi nina aibu yangu, usidhani unaimiliki peke yako. Lakini mimi nilimkiria kosa langu siku ile ile. Wewe umekunywa chai yangu miezi mizima na neno umeliweka shavuni. Mficha uchi hazai. Pita."

Fundi alikuwa nyuma ya pazia, anapiga pasi. Hakuinua macho. Pasi ilikwenda, ikarudi, mvuke ukapanda kati yao.

"Kama umekuja kuniambia uliogopa, mlango unaujua."

"Sikuogopa."

Pasi ikasimama.

"Nimeisikiliza sauti yangu," Rada akasema. Alibaki amesimama, mikono haijui pa kwenda. "Kisha nimeifuta, lakini haifutiki. Nilikuwa na furaha. Wenzangu wote walikuwa wakinicheka kwa ajili ya mzee wa kuku, nawe ukatokea na kila kitu. Ningeweza kukufuata nikakwambia, dada, hilo koti vipi na jua hili? Ungenijibu, ungecheka. Sikukuuliza kwa sababu sikutaka jibu."

"Basi ulikuwa unataka nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ndilo swali langu tangu siku ile. Nilikuwa sijui kwamba namwuliza mwenyewe."

Nje, cherehani ya shangazi nayo ikanyamaza.

"Nilitaka uwe nalo," Rada akasema. "Bomu. Nilitaka uwe nalo kweli, ili mimi niwe nimekukamata. Watu wote wale pale, na wewe, na mimi nilitaka uwe nalo. Ulipofungua koti kila mtu alishusha pumzi. Mimi nilisikitika. Nilisikitika kwanza, aibu ikaja baadaye. Huyo ndiye aliyekuja kukushikia mkia."

Akasema hayo akiitazama sakafu, vipande vya nyuzi, vifungo vilivyopotea, pini. Hakuthubutu kuinua uso. Alisikia pasi ikisimamishwa wima. Alisikia kitambaa kikikunjwa, taratibu, pembe kwa pembe. Akangoja aambiwe atoke, na alikuwa tayari kutoka.

"Unajua nilivyokuwa pale katikati, wote wanacheka?" fundi akasema. "Nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja. Si kwamba waache. Nilijua hawataacha. Niliomba atoke mtu mmoja kwenye lile kundi, mmoja tu, asicheke, anishikie hiyo nguo. Ukatoka wewe." Akajifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Nikajiambia, huyu. Hata jina sikulijua. Na kule ukumbini, nilipokuwa napita kwenye magoti ya watu, nilikuwa najiambia, atashuka. Sasa hivi atashuka. Ningekusamehe hata pale pale, ungeshuka."

"Najua."

"Hujui. Nyamaza."

Fundi akasukuma kigoda kwa mguu, kikakwaruza sakafu mpaka kikagota kwenye kiatu cha Rada. Rada akaketi, fundi naye akaketi mbele yake, na sasa macho yao yakawa sawa, na yake yeye yalikuwa mekundu, na ya msichana pia.

"Nilitaka awe mtu mwema," fundi akasema. "Aliyenishikia nguo. Nilitaka awe mwema na nilitaka awe wewe."

Akakinyoosha kitambaa alichokikunja.

"Na bado nataka."